Mgeni wa saa nne

Saa kumi na moja alfajiri

Siku hiyo adhana ilinikuta macho. Usiku kucha nilikuwa najigeuza kitandani nikihesabu: mikeka imeanuliwa, vikombe vimepangwa, poti zimesuguliwa kwa jiki mpaka harufu imeingia chumbani, chokaa ya korido imekauka isipokuwa kile kipande cha karibu na mlango wa uani. Afisa ustawi wa jamii alikuwa ameahidi kufika saa nne kukagua.

Nakaa Tandika, Dar es Salaam, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu: vyumba vinne, korido katikati, choo na bomba uani. Kazi yangu ni kukaa na watoto wa watu. Nilianza na mjukuu wangu, jirani akaniongezea wa kwake “wapate kucheza wawili”, jirani akamwambia mwenzake wa sokoni, na sasa huu ni mwaka wa saba, wapo kumi na mmoja. Kwa siku mama analipa shilingi 2,000, uji na chakula cha mchana humo humo. Asiye nayo leo ataleta kesho, na kesho ya Tandika tunaijua wenyewe.

Majina ya watoto sitayaandika, hayo ni ya wazazi wao. Nitatumia yale ninayowaita mimi.

Saa kumi na moja na nusu

Wa kwanza kuletwa ni Kibonge, miezi kumi na minne. Mama yake ananunua samaki Feri, soko la samaki la Dar, na mnada wa Feri haumsubiri mtu. Ukifika jua limeshapanda unakuta mafungu yaliyokataliwa na wenzako. Alimfungua mgongoni, mtoto bado usingizini, akanipokeza na mfuko wa nepi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Amekula?”

“Amenyonya tu. Ndiyo leo wanakuja?”

“Ndiyo leo.”

“Mungu atasimama.” Akakimbilia daladala.

Hofu yangu ilianza mwezi mmoja nyuma. Tuliitwa ofisi ya serikali ya mtaa, wanawake tisa tunaokaa na watoto majumbani. Tukaelezwa kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka anayeendesha kituo cha kulelea watoto mchana awe amesajiliwa. Tukatazamana. Mwenzetu mmoja akanyanyua mkono akasema, “Mimi sina kituo, nina watoto tu.” Tulicheka. Aliyekuwa anatusomea hakucheka.

Akatueleza pia habari ya programu ya taifa iliyozinduliwa Desemba 2021, ile yenye kifupisho kirefu kuliko maneno yenyewe, PJT-MMMAM, ya malezi na makuzi ya mtoto tangu anapozaliwa hadi miaka minane. Ina mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Manne niliyaelewa. Hilo la mwitikio niliona aibu kuuliza mbele za watu, nikarudi nalo nyumbani kama nilivyolipokea.

Saa moja hadi saa tatu

Hapa wanaingia wote, na siwezi kueleza vizuri maana hata mimi huwa sioni vizuri. Mmoja analilia mama yake mlangoni, mwingine kaleta kikohozi, wa tatu kavaa viatu vya dada yake. Binti wa mdogo wangu, anayenisaidia, alikuwa anapooza uji kwa kuumimina toka bakuli hadi bakuli. Watoto wakinywa uji ndipo nyumba inatulia.

Na katika utulivu huo ndipo nilipofanya ujinga. Siku za kawaida kwangu ni wali na maharage, au ugali na mchicha na dagaa niliowasaga wasiwachome wadogo kooni. Siku hiyo nilimtuma binti buchani alete kilo nzima ya nyama. Mboga ya karibu wiki ilikwenda kwenye sufuria moja. Nikaazima kiti cha kochi kwa jirani, nikakiweka koridoni na kitambaa cha kufuma juu yake. Halafu nikawakusanya wakubwa, wale wa miaka mitatu na minne.

“Leo tuna mgeni. Mgeni akija tunasemaje?”

“Shikamooooo!”

“Na hatulii, hatugombani, hatuombi kuongezwa.”

Waziri alinyanyua mkono. Namwita Waziri kwa sababu kila jambo kwake lina maswali ya nyongeza. “Bibi, mgeni ni daktari wa sindano?”

Saa nne na dakika arobaini

Nilikuwa namngoja mwanaume wa makamo mwenye tai. Akaja msichana wa umri wa mwanangu wa mwisho, hijabu ya bluu, faili kwapani, na mjumbe wetu wa shina nyuma yake. Akapiga hodi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaniamkia. Kiti changu cha kochi alikipita kama hakukiona, akakaa mkekani. Kibonge alimwendea moja kwa moja akaanza kuvuta kalamu yake.

Maswali ya kwanza yalikuwa ya karatasi. Watoto wangapi, umri gani, mama anafanya kazi wapi, simu ipi inapatikana. Vyote ninavyo, ila vimo kichwani. “Na wewe ukiugua ghafla mama,” akauliza, “binti huyu atampigia nani?” Nikamtazama binti, naye akatazama dari.

Akauliza kadi za kliniki. Nilikuwa nimewasumbua akina mama wiki nzima, nikapata kopi saba. Alipitia moja moja kwa kidole. Ya Kibonge ilionyesha surua ya miezi tisa amechoma, akaniambia niweke alama, ya pili ni miezi kumi na minane, nimkumbushe mama yake kabla haijafika maana mtu wa Feri hana siku ya kukaa foleni. Hilo nililipenda. Nilidhani karatasi ni za kunikamata, kumbe hii moja ina kazi.

Kisha akasimama. “Mama, tuzunguke.”

Jikoni nilikokuogopa hakukaa hata dakika tano. Mtungi wa gesi upo nje ya dirisha, jiko liko juu ya meza, akaandika akapita. Koridoni alipiga magoti. Mwanamke mzima na hijabu yake, magoti chini, anatazama nyumba yangu toka urefu wa mtoto wa mwaka mmoja. Nami nikainama, nikaziona soketi mbili usawa wa pua ya Kibonge. Miaka saba napita hapo na ndoo sijawahi kuziona.

Uani akaenda kwenye pipa. Bomba letu linatoa maji siku mbili kwa wiki, basi pipa lazima lijae. Nalifunika kwa kipande cha bati na juu yake naweka tofali. Siku hiyo tofali halikuwepo, binti alilitumia kuzuia mlango wakati tunapaka chokaa. Afisa alisukuma bati kwa kidole kimoja likateleza lote. Hakusema kitu. Akasogeza kile kigoda tunachofulia, kilichokuwa pembeni ya pipa, akakipeleka mbali hatua kama kumi, akarudi. Tumbo lilinikata.

Halafu chooni. Kulikuwa kunang'aa. Nilisimama mlangoni nikingoja sifa. Akainama, akanyanyua nyuma ya mlango chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, lebo yake ikiwa bado imebandikwa, nusu imejaa.

“Hii nini mama?”

Ilikuwa jiki. Tunanunua ya kupima dukani, unakwenda na chupa yako. Usiku ule nilisugulia poti na sakafu kwa ajili ya mgeni, nikachoka, nikaiacha chini. Siku zote inakaa juu ya kabati la vyombo, nawaapia. Lakini siku zote si siku aliyokuja, na mtoto akiona kiu hatauliza siku zote inakaa wapi.

“Nilikuwa nasafisha kwa ajili yako,” nikasema, na nilipojisikia nikisema hivyo nikataka kucheka na kulia.

“Najua,” akajibu. “Wengi nawakuta hivyo.”

Saa sita na nusu

Tukapakua. Nilishukuru chakula kimefika, nikaona sasa heshima yangu inarudi. Watoto wamenawa kwenye ndoo ya koki kwa mstari, wamekaa mkekani, sahani mbele. Waziri akatazama sahani yake, akamtazama mgeni, akatangaza kwa sauti ya msikitini:

“Leo kuna nyama! Siku zote tunakula maharage!”

Mjumbe wa shina aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Afisa alijizuia, akashindwa.

“Mama,” akasema akifuta macho, “nilikuja kuona Jumatano yako. Umenionyesha Idi.”

Akaniambia maharage hayana kasoro yoyote, na yale dagaa yaliyosagwa niliyomweleza angefurahi kuyaandika kwenye fomu. Nyama yenyewe, niseme ukweli, watoto wadogo wawili waliitafuna wakaitema.

Wakati huo kunguru alitua kwenye ukuta wa uani, hawa kunguru wa Dar wasioogopa mtu. Kibonge akamnyooshea kidole chenye wali, “Ka!” Binti hakunyanyua hata uso, anamfuta mwingine pua, akamjibu, “Eeh, kunguru huyo. Anautaka ubwabwa wako. Tumpe?” Kibonge akakumbatia sahani. “Ka!” “Hatumpi, eeh?”

Afisa akaandika, akaandika mistari mingi kuliko ya pipa. Nikajipa moyo nikamuuliza kuna kosa gani. Akasema hapana, hii ndiyo malezi yenye mwitikio: mtoto ametamka, mkubwa ameitika, mtoto akajibu tena. Basi. Mwezi mzima nabeba neno kama mzigo wa mtu, kumbe ni kuitika mtoto anapokuita. Binti aliposikia anasifiwa akafuta pua za watoto wote kwa kitambaa.

Saa nane

Aliniketisha, safari hii akakubali kiti, mimi nikakaa kigoda. Sikupewa cheti, wala sikufungiwa. Nilipewa mwezi mmoja. Pipa lipate mfuniko wa kufunga. Soketi zizibwe. Dawa na sabuni zikae kwenye kabati lenye kufuli, katika vyombo vyake vyenyewe. Mimi na binti tukapime afya. Barua ya mtaa. Mtungi wa kuzimia moto. Na daftari la nani anamleta mtoto na nani anaruhusiwa kumchukua.

Nilimweleza la moyoni. Mtungi wa moto kwangu ni hela ya siku nyingi. Eneo la kuchezea analotaka mtu wa kituo, mimi nina korido. Wakinifungia, Kibonge atakwenda chini ya meza ya samaki juani, na Waziri ataachwa na dada yake wa miaka tisa ambaye atakosa shule. Alinisikiliza bila kukata. Akasema hilo analijua, ndiyo maana anaanza na pipa na chupa kabla ya ukuta na geti. Sijui kama ana nguvu ya kuamua hivyo au aliniliwaza. Nilimpenda, ila nimezeeka vya kutosha kujua kwamba mwezi ujao anaweza kuja mwingine mwenye tai.

Saa tisa hadi saa kumi na moja jioni

Watoto walilala. Jiki niliimwaga, chupa nikaitoboa kwa kisu isirudi kazini. Kijana wa fundi seremala akaja kupima mdomo wa pipa.

Akina mama walipoanza kufika niliwakalisha mmoja mmoja na daftari jipya. Wengine waliona namwiga mwalimu mkuu. Mama mmoja aliudhika kabisa: “Kwa hiyo mdogo wangu akija humpi mtoto? Si unamjua?” Namjua. Nikaandika jina lake na simu yake, tukamalizana. Mama wa Feri alichelewa, ananuka chumvi, akaniambia niandike mimi, yeye atasema. Alitaja jina lake, akafikiri, akataja la mama yake aliyeko Mbagala. Baba wa mtoto? Akatikisa kichwa. Nikaacha mstari ule mtupu.

Waziri huwa wa mwisho kuchukuliwa. Tulikaa barazani, yeye na mimi, tunamngoja mama yake atoke kiwandani.

“Bibi, yule mgeni atakuja na kesho?”

“Mpaka mwezi ujao. Kwani umempenda?”

Akafikiri. “Akija kesho tutakula nyama?”

“Kesho maharage.”

“Haya,” akasema, “basi asije.”