Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Mabuti ya Wawindaji

Saa 1:00 asubuhi

Kazi ya kwanza ni kuingiza mkono ndani ya mabuti yaliyolala mezani, hadi kule kwenye vidole. Macho yanadanganya. Buti linaweza kuonekana kavu kwa nje kumbe mbele bado bichi, na ukungu huanzia hapohapo. Magazeti niliyojaza jana jioni yamenyonya maji na kulegea, kwa hiyo nayatoa na kujaza makavu. Soli za ndani nilizichomoa tangu jana nikaziegemeza ukutani, kwa sababu ukiziacha ndani ya buti zinakalia unyevu siku nzima.

Msimu wa kuwinda ukiwa umepamba moto, meza yangu haina nafasi. Karibu kila anayekuja hulalamikia maji. Mimi nikishika buti lake, mara nyingi naona kazi ya moto.

Saa 2:20

Huyu hapa wa kwanza. Anaweka buti mezani kwa adabu, kana kwamba si lake.

"Fundi, limepasuka lenyewe tu."

Ngozi imesinyaa kwenye mkunjo wa juu ya vidole. Nikiibonyeza hairudi, na ufa unaingia hadi kwenye bitana. Namwuliza alilikaushia wapi.

"Karibu na moto, kaka. Lakini mbali kidogo."

Sijawahi kukutana na mtu aliyeweka buti lake karibu kabisa na moto. Wote huweka mbali kidogo.

Ngozi ni nyuzi za protini zilizosokotana, na kati yake kuna mafuta yaliyoingizwa wakati wa kuitengeneza. Ikilowa, nyuzi huvimba. Maji yakitoka polepole, zinarudi mahali pake zikiwa bado zinateleza. Ukiyatoa kwa moto, uso unakauka kabla ya kiini, unakaza, nyuzi zinagandamana. Siku inayofuata mguu ukikunja, uso hauwezi tena kunyooka, basi unachanika. Tena kuna gundi. Mimi nikitaka kubandua soli kuukuu hupuliza hewa ya moto mpaka gundi ilegee, halafu navuta. Anayeegemeza buti kwenye jiko anafanya kazi hiyohiyo, ila yeye hataki soli itoke.

Ufa wa namna hii hauponi kwa mafuta. Nimebandika kiraka cha ngozi nyembamba kwa ndani na kumwambia wazi kwamba buti litatembea, lakini pale maji yatapita. Kuanzia leo akaushie kivulini, mahali penye upepo, na magazeti ayabadilishe kila yakilowa. Itachukua siku moja, mbili. Ndiyo maana mwindaji wa kila wiki anahitaji jozi mbili.

Saa 3:30

Kuosha. Watu wanapenda kuruka hatua hii waende moja kwa moja kwenye kopo la nta, na hapo wanafungia uchafu ndani. Tope likikaukia kwenye ngozi linavuta unyevu na mafuta yake, kwa hiyo buti lililoachwa na tope wiki nzima linakuja gumu hata kama moto halikuuona.

Natoa kamba zote. Brashi ya manyoya ya farasi kwa mwili wa buti, mswaki mkuukuu kwa pale ngozi inapokutana na soli. Ukipitisha mswaki kwenye mfereji ule wa mshono, mchanga mwembamba unatoka pamoja na povu la kijivu, hata kwa buti ambalo mwenyewe anaapa ameliosha. Kila hatua mchanga huo unasaga uzi kama msasa. Naendelea mpaka povu litoke jeupe.

Sabuni ni ile ya ngozi, si ya vyombo. Ya vyombo kazi yake ni kuondoa mafuta, na itayaondoa kweli. Damu naitoa kwa maji baridi, maana maji ya moto huigandisha.

Saa 5:00

Buti linavuja lakini haijulikani wapi. Najaza karatasi laini nyeupe ndani, nalisimamisha kwenye beseni, maji yakiishia chini kidogo ya ulimi, kisha naendelea na mengine. Nikirudi natoa karatasi pole pole: palipolowa ndipo penye tatizo. Leo ni mshono wa nyuma, juu ya kisigino. Uzi umekatika sehemu ndogo sana, hata kucha inaupita bila kuushtukia.

Nashona kwa uzi uliopakwa nta, kupitia matundu yaleyale ya zamani. Fundi anayetoboa matundu mapya pembeni ya yale ya kwanza anachora mstari wa kuchanikia. Nikimaliza napaka gundi nyepesi ya kuzibia mishono, tone kwa tone, maana tundu la sindano siku zote ni pana kuliko uzi.

Buti la pili halikuvuja kabisa. Ulimi wake umeshonwa pembeni hadi tundu la kamba la nne kutoka chini, na mwenye nalo alivuka kijito kilichozidi hapo. Kinga ya buti inaishia pale ushonaji wa ulimi unapoishia, haijalishi shingo yake ni ndefu kiasi gani. Wengine suruali inanyonya umande, maji yanashuka kwenye soksi, lawama anabebeshwa fundi.

Saa 7:10 mchana

Simu: nipake mafuta au nta? Swali hili nalijibu kila siku na sichoki, kwa sababu makopo yenyewe yanachanganya watu.

Mafuta, kama yale yatokanayo na miguu ya ng'ombe, yanaingia ndani na kulainisha. Yanafaa ngozi iliyokauka, kwa kiasi. Ukizidisha, shingo ya buti inalegea, kifundo cha mguu kinakosa cha kukishika, na mtu anateguka kwenye mteremko. Nta hukaa zaidi usoni na kufukuza maji. Buti zima, ambalo ngozi yake haijakakamaa, linahitaji nta tu. Lile linaloanza kukakamaa, mafuta kidogo kwanza, kesho yake nta.

Mabuti yenye utando wa kuzuia maji ni habari nyingine. Utando wa Gore-Tex ulitokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, alipovuta plastiki ya PTFE kwa kasi ikawa na vitundu vidogo mno. Mvuke wa jasho unapita, tone la maji halipiti. Lakini utando uko ndani, nyuma ya ngozi. Ngozi ya nje ikilowa tepetepe, au ikizibwa kwa mafuta mazito, jasho halina pa kutokea na soksi inalowa vilevile. Mwenye buti anasema utando umetoboka. Mara nyingi uko salama, ni ngozi inayohitaji kuoshwa na kupakwa dawa nyepesi ya kufukuza maji.

Na kama unawinda, nusa kopo kabla ya kununua. Ukipaka chenye harufu kali, mnyama atajua ulipo kabla hujamwona.

Saa 8:30

Kupaka nta. Napaka kwa vidole, si kwa kitambaa, kwa sababu joto la vidole linaitosha na vidole vinasikia mahali ngozi ilipo na kiu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, na buti halina haja ya kufika huko. Napuliza draya kwa mbali mpaka ngozi iwe vuguvugu mkononi, basi. Tabaka jembamba, nasubiri, tabaka jingine. Nazidisha kidogo kwenye mishono na kwenye mkunjo wa vidole, kwa sababu nta hukatika hapo kwanza. Iliyogusa mpira wa soli naifuta, maana makopo mengi yana mafuta ya petroli yanayoulegeza mpira.

Ngozi yenye uso uliokwanguliwa ikawa na vinyweleo laini siipaki nta bila ruhusa ya mwenyewe. Itafanya giza na vinyweleo vitalala.

Saa 10:00

Mzee mmoja kaleta mabuti "mapya", yaliyokaa miaka ndani ya mfuko wa plastiki. Ngozi inang'aa. Nilipokunja soli, tabaka la katikati lilimeguka likaanguka vipande mezani. Hiyo ni poliurethani, aina ya plastiki laini, na unyevu huivunja polepole hata kiatu kisipovaliwa. Kuyafungia mfukoni kumemalizia.

"Sasa mwanangu, hakuna dawa?"

Kwa bahati yake, juu pameshonwa kwenye ukanda wa ngozi unaozunguka soli, kwa hiyo soli nzima inatolewa na kuwekwa nyingine. Yangekuwa ya kubandikwa kwa gundi tu, au ya kumiminwa kiwandani, ningemrudishia. Safari hii ayahifadhi wazi, penye hewa, na ayavae mara moja moja.

Saa 11:40 jioni

Nadondoshea maji mabuti yaliyopakwa jana. Tone likibaki duara na kuteremka, buti limefaulu. Likitanda na kuacha doa jeusi, buti linarudi mezani. Moja limerudi, upande wa ndani wa kisigino tu.

Mwenye mabuti ya kahawia niliyoyapaka leo mchana ananiandikia: anaweza kuyapitia usiku huu, alfajiri anaingia porini? Nimemjibu nta bado haijashika. Aende na jozi yake ya pili, hizi azifuate kesho baada ya saa 8.