Siku moja gereji, Gerezani: hewa ndiyo inayoukimbiza moto

Saa 1:30 asubuhi. Mteja wa gari la Toyota Noah, injini ya 3S, amenitangulia mlangoni. "Fundi, ikipanda mlima inagonga, nguvu hakuna." Hedi yake, kile kifuniko cha juu cha silinda, ilisawazishwa kwa mashine gereji nyingine, kisha ikafungwa kwa gasketi mbili ili kushusha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa silindani.

Saa 4. Hedi imetoka. Naweka vipande vya waya wa solda pembezoni mwa pistoni, narudisha hedi na gasketi zilezile, nakaza, nazungusha kranki kwa mkono, nafungua tena. Solda imebanwa hadi milimita 2 na ushei: hiyo ndiyo nafasi kati ya pistoni na hedi. Mimi napenda ibaki karibu na 1.

Dogo anayejifunza kwangu anauliza, milimita moja ya ziada ina shida gani? Hapo naacha kila kitu nimweleze, maana hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote.

Mvuke wa petroli na hewa vikiwa vimetulia, katika joto la kawaida, moto huvila kwa takriban sentimita 40 kwa sekunde. Silinda ya 3S ina kipenyo cha milimita 86. Kutoka kwenye plagi katikati hadi ukutani ni 43, kwa hiyo moto ungehitaji kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kranki ingekuwa imeshazunguka mara tano! Joto la mgandamizo na gesi inayotanuka nyuma ya moto husaidia, lakini hayatoshi.

Kinachookoa ni msukosuko. Hewa huingia kwa kasi kupitia valvu na kujizungusha. Pistoni ikikaribia juu, kingo zake huikamua hewa iliyobaki pembeni na kuirusha katikati. Vimbunga hivyo vidogo huukunja ukingo wa moto kama kanga iliyofinyangwa mkononi: nafasi ni ileile, kitambaa ni kingi. Uso ukiwa mpana, mchanganyiko mwingi zaidi huungua kwa wakati mmoja. Mjerumani Damköhler alilieleza jambo hili mwaka 1940.

Gasketi ya pili imeua ule mkamuo. Moto unachelewa, mchanganyiko wa pembeni unapata muda wa kupata joto na kujilipua wenyewe, ndiyo hiyo kugonga. Dawa ya gasketi mbili siipendi hata kidogo.

Saa 7. Chapati na maharage, harakaharaka.

Saa 8. Nafunika chumba cha hedi kwa kioo chenye tundu, najaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano kupima ujazo. Ni mdogo kuliko inavyotakiwa. Ili kushusha kompresheni bila gasketi ya pili, nasaga kidogo ndani ya chumba, mbali na kingo zinazokamua hewa, napima tena hadi vyumba vyote vinne vilingane.

Saa 10. Gasketi moja mpya, nati zinakazwa kwa mpangilio.

Saa 12 jioni. Tunapandisha mlima wa Pugu, mteja kanyaga! Haigongi. Dogo anauliza mbona kwa mizunguko mingi moto bado unawahi. Kwa sababu kasi ikiongezeka, msukosuko nao huongezeka, na moto humaliza kazi ndani ya nyuzi zilezile za kranki, takriban 40 hadi 60. Ila msukosuko usizidi: kimbunga kikali mno huweza kuizima cheche ya moto kabla haijakua. Kesho atapima mkamuo wa injini inayofuata mwenyewe.