Ngoma ya Kambini

Jumamosi, saa nne usiku

Leo Baba alikuja mazoezini. Nimekaa kitandani na barafu iliyofungwa kwenye kanga juu ya goti la kushoto, na nataka niandike kabla usingizi haujanichukua. Nikiacha hadi kesho nitakuwa nimeshaanza kuipamba.

Nianzie mwaka wa kwanza wa digrii yangu ya dansi, maana bila hapo la leo halieleweki. Wiki ya pili ya masomo, mwalimu wetu wa mbinu alitutangazia kwamba Ijumaa kila mmoja alete ngoma ya kwao. Darasa zima lilichangamka. Ijumaa ilipofika, mwenzetu wa Gulu alikuja na larakaraka, na kibuyu chake kilichokatwa nusu, na spoku za baiskeli za kukigongea. Wa Mbarara alitupa ekitaguriro, mikono juu kama pembe za ng'ombe wa Ankole, na kila alipokanyaga chini tuliusikia mshindo vifuani. Wa Hoima alifunga ebinyege miguuni, njuga zile za runyege, akatucheka jinsi zilivyotulemea tulipojaribu kuzivaa. Zamu yangu ilipokaribia nilitamani umeme ukatike.

Nimezaliwa kambini. Baba ni Mualur wa Nebbi, Mama ni Msamia wa Busia. Walichumbiana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili, katika kile kijumba cha bati cha duara ambacho kila aliyekulia kambi za polisi Uganda anakijua kwa jina lake: mama ingia pole. Ukikosa kuinama vizuri mlangoni, paji la uso linakufundisha. Upande wa kulia tulipakana na Waiteso, upande wa kushoto na mjane wa Kinubi, na mbele yetu familia ya Kigisu iliyokuwa ikifunga safari kwenda Mbale kila mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wao. Sisi watoto tulikuwa na lugha moja tu ya kugombania mpira. Najua Kiswahili kina sura nyingine nje ya lile lango. Wazee wengi wa Kampala wakikisikia wanakumbuka vizuizi vya barabarani na bunduki za askari wa Idi Amin miaka ya 1970, na siwalaumu hata kidogo. Ila mimi ndicho nilichoimbiwa nikiwa mgongoni.

Kwa hiyo Ijumaa ile nilicheza doluka, ngoma ya Wanubi niliyofundishwa na yule mjane jirani harusini. Niliicheza kwa moyo. Nilipomaliza, mwenzangu mmoja akaniuliza kama mimi ni Mnubi. Nikasema hapana. "Basi siyo ya kwenu," akasema, bila ubaya wowote, kama anavyosahihisha mtu tarehe. Mama alikuwa ameniaga siku naondoka kwa methali ya mcheza kwao hutunzwa. Nilirudi bwenini nikijiuliza kwao kwangu ni wapi, na swali hilo nimelibeba miaka mitatu.

Watu wananiuliza sana kinachosomwa. "Mpaka digrii, ya kucheza?" Baba mwenyewe aliuliza hivyo. Basi asubuhi ni mwili, mchana ni historia, jioni ni utungaji, na vyote vitatu vinagombania goti lilelile.

Kwenye mbinu ndiko nilikobadilika zaidi. Chukueni bakisimba, ngoma ya Waganda ambayo kila mtu hapa anadhani anaijua kwa sababu ameiona kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya harusi. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nazungusha kiuno tu. Mwaka wa pili mwalimu alinisimamisha, akaniambia niache kiuno, nisikilize mbuutu, ile ngoma kubwa, kwanza. Mwanamke yule, aliyezaliwa katika ukoo wa wapiga ngoma, aliniwekea viganja juu ya mabega akaagiza yasisogee hata yeye akiondoka. Magoti yalegee. Uzito uende nyayoni, uhame taratibu, na kiuno kizunguke kwa sababu ya uzito huo, siyo kwa sababu nimekiamuru. Siku iliponiingia nilihisi mwili umegawanyika mahali pawili, juu maji yametulia, chini mto unakwenda. Kisha ngoma ikabadilika kuwa nankasa, ya kasi zaidi, kisha muwogola, na mabega bado yanatakiwa yale yale. Kuna kazi ya miaka kumi hapo.

Ndiyo maana kuna jambo linaniuma na nimelisema darasani mara nyingi. Martha Graham, mcheza dansi wa Marekani, alijenga mtindo wake huko New York kuanzia miaka ya 1920 juu ya kukunja na kuachia kiwiliwili pamoja na pumzi, na sisi tunauita mbinu ya Graham. Nimeusoma, nimeutokea jasho, naupenda. Bakisimba nayo ina mpangilio wake wa uzito, wa pumzi, wa sehemu ya mwili inayotulia na inayofanya kazi, na ina walimu waliorithishana tangu enzi ambazo hazina tarehe. Sisi wenyewe tunaiita utamaduni. Mbinu unaisomea, utamaduni unategemewa uzaliwe nao. Ndipo anapozaliwa mtoto wa kambini akakosa vyote viwili! Nilipata nguvu niliposoma habari za Germaine Acogny, aliyeongoza shule ya dansi ya Mudra Afrique, Dakar, kuanzia 1977, na baadaye akaanzisha École des Sables pale Toubab Dialaw nchini Senegali. Alikaa chini akaipanga miendo ya Afrika Magharibi, uti wa mgongo, kifua, nyonga, akaipa majina na utaratibu, akaifanya kitu ambacho Mjapani au Mbrazili anaweza kuja kukisomea. Hakuomba ruhusa ya kuiita mbinu.

Jaribio lingine lilikuwa la kuandika ngoma kwenye karatasi. Mfumo tunaofundishwa ni wa Rudolf Laban, aliouchapisha mwaka 1928. Unasomwa kutoka chini kwenda juu, kama mti unavyoota. Umbo la alama linakuonyesha upande wa kuelekea, rangi yake inakuonyesha kama uko juu, kati au chini, na urefu wake ni muda. Nilikesha siku tatu nikijaribu kuiandika muwogola. Miguu ilikubali. Mikono ilikubali. Kiuno kikanijazia ukurasa, na bado nilipomkabidhi mwenzangu asome na acheze, alichocheza kilikuwa sahihi na hakikuwa muwogola. Mchezaji na mpiga mbuutu wanaulizana na kujibizana papo kwa papo, na mimi nilikuwa nimeandika upande mmoja wa mazungumzo. Alama nilipewa nzuri. Karatasi ile ninayo bado.

Historia niliiogopa kumbe ndiyo iliyoniokoa. Tulisoma mambo ya Ulaya, Mfalme Louis XIV na chuo chake cha dansi cha 1661, vurugu za ukumbini Paris mwaka 1913 mtunzi wa dansi Nijinsky alipowapindisha wachezaji wake nyayo zikatazama ndani. Tukarudi nyumbani: amaggunju, ngoma ya jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, ambayo wanasema ilitungwa na watu wa ukoo wa Butiko ili mfalme mtoto Mulondo asilie, kisha 1966 na 1967, Kabaka akiwa uhamishoni na falme zimefutwa, na wanamuziki wa majumba ya kifalme wametawanyika hadi falme ziliporudishwa 1993. Tulisoma pia Heartbeat of Africa, kikundi cha taifa cha baada ya uhuru, ambamo mtu wa kaskazini alijifunza ngoma ya kusini na wa kusini akajifunza ya kaskazini. Hapo nilianza kukaa wima kwenye kiti.

Halafu mwaka jana, maktabani, nikakutana na beni.

Sikuwa nimeambiwa na mtu. Nilikuwa natafuta kitu kingine, nikaona kitabu cha mwanahistoria Terence Ranger cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni Afrika Mashariki. Nilikisoma nimesimama. Beni ilianza miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890. Waswahili walitazama bendi za kijeshi na gwaride la wakoloni, wakachukua mwendo, sare, vyeo, wakatengeneza mashindano yao, vikundi na vikundi, nyimbo kwa Kiswahili. Tanganyika kulikuwa na vikundi vya Marini na Arinoti. Askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia wakaisambaza, ikazaa wajukuu huko kusini hadi Nyasaland, Malawi ya leo. Jina lenyewe ni neno "bendi" la Kiingereza lililotiwa Kiswahili kinywani.

Niliketi sakafuni kati ya rafu. Gwaride! Kila siku ya utoto wangu iliamshwa na baragumu. Kila jioni tulijipanga nyuma ya askari wanafunzi, ndala mkononi, tukipokea amri tusizopewa, kushoto, kulia, nyuma geuka, na mjane wa Kinubi akitupigia makofi kutoka kibarazani. Na kumbe kulikuwa na watu zaidi ya miaka mia moja iliyopita waliofanya hivyohivyo, kwa lugha yangu, wakaiita ngoma.

Tulibishana darasani nilipoiwasilisha. Wenzangu wawili walisema beni ni kuiga mzungu na haistahili kuwekwa meza moja na bwola, ngoma ya kifalme ya Waacholi. Naelewa wanachokilinda. Lakini sikubaliani nao, na sitakubaliana: watu wale walichukua kitu kilichokusudiwa kuwatisha, wakakiingiza kiunoni mwao. Neno letu ngoma linabeba chombo, mchezo na shughuli nzima kwa pamoja. Sijaona popote panaposema ilazimike kuwa ya kale.

Ndiyo ikawa kazi yangu ya mwisho. Wachezaji saba, dakika kumi na nane. Inaanza na foleni ya bomba la maji alfajiri, madumu ya njano, wanawake wanaozungumza lugha saba kwa viuno na Kiswahili kwa mikono. Hapo kuna doluka, kuna bakisimba, kuna kadodi ya Wagisu. Kisha baragumu, na ile foleni inakuwa gwaride bila mtu kuamriwa. Katikati yake kuna mwendo wa pole. Nilikuwa na miaka tisa siku ya kumzika baba wa rafiki yangu, aliyekufa kazini. Tulifuata jeneza. Nakumbuka buti za askari zikining'inia hewani kabla ya kutua, kama hazitaki kufika. Sehemu hiyo nimeitunga na kuivunja tangu Januari.

Baba alikaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia mapajani, koti lake la kustaafu. Hakusema kitu foleni ya bomba ilipopita, ila niliona anatabasamu madumu yalipoanza kugombana. Mwendo wa pole ulipofika, akasimama. Nilidhani anatoka nje. Alikuja hadi katikati ya studio, wachezaji wakaacha, mpiga ngoma akaacha.

"Hapo mmeharakisha," akasema.

Nikamwambia Baba, hesabu ni sahihi, nimezipima.

"Hesabu siyo shida, mwanangu. Mguu wenu unatua kwa sababu zamu yake imefika. Ule mwendo, mguu unatua kwa sababu huna tena pa kuupeleka."

Kisha akatuonyesha. Ana miaka sitini na nne na sukari. Alinyoosha mguu wa kushoto mbele, vidole vikatazama chini, akaushikilia hapo. Hakuna aliyepumua. Mgongo wake haukuyumba. Mabega yalikuwa yametulia kabisa, na kila kitu kilikuwa kinaendelea chini yake, na mimi nikamwona mwalimu wangu wa bakisimba, viganja vyake juu ya mabega yangu. Baba alikwenda hatua sita namna hiyo kuvuka sakafu. Alipofika ukutani alibaki anautazama kwa muda. Nadhani alikuwa anawahesabu. Amewasindikiza wengi.

Tulirudia sehemu ile mara nne. Akazunguka anawarekebisha wenzangu urefu wa mikono, anawaita "afande" kila mmoja, na mwenzetu wa Gulu akaitikia "ndiyo, afande" kwa uso usio na mzaha hata kidogo. Wakati wa kuondoka Baba alitoa noti ya elfu tano mfukoni, akaikunja, akaibandika kwenye paji langu lililolowa jasho, kama wanavyofanya wazee kwenye harusi. Akainama mlangoni, ingawa mlango wa studio ni mrefu, akatoka.

Sasa nina tatizo jipya. Mpiga ngoma wetu anaendelea kupiga taratibu chini ya mwendo wa pole, na hadi leo mchana nilidhani ndiyo inayotushikilia. Baba alipotembea hapakuwa na mlio wowote, na mguu ulisikika. Nimemtumia mpiga ngoma ujumbe kwamba kesho saa tatu aje, lakini katika dakika nne za mwendo wa pole aketi na mikono juu ya ngozi, asipige. Amejibu akiuliza basi yeye afanye nini. Nimemwandikia asubiri pamoja nasi. Barafu imeyeyuka, kanga yote imelowa.