Siku moja maishani mwangu: natangaza gemu na teknolojia kwenye tivii, Arusha

Saa 11 alfajiri alamu inalia, na Julai hii baridi ya Arusha mnaijua wenyewe, hata kutoa mkono nje ya blanketi ni kazi. Leo Alhamisi, siku ya kurekodi kipindi. Mtaani wengi wanajua nashinda nacheza gemu nalipwa. Nacheza kweli, saa nzima kila alfajiri, sauti nimeizima maana mama amelala chumba cha pili, na hapo nakuwa na daftari pembeni naandika: hapa maelezo hayasomeki kwenye tivii ndogo, hapa gemu inadai intaneti wakati mtu anacheza peke yake, hapa dogo wa miaka kumi atakwama. Siwezi kumwambia mtu atoe hela yake kwa gemu ambayo mimi mwenyewe sijafika hata hatua ya tatu.

Saa 12 na nusu mama ameamka, chai ya tangawizi iko jikoni, na hapa ndo kipindi changu kinapotengenezwa, siyo studio. Kila skripti namsomea mama kabla ya mtu mwingine yeyote. Sababu ni kwamba nyumba nyingi hapa kwetu zina tivii moja, sebuleni, na Jumamosi jioni dogo anayejua gemu zote amekaa chini kwenye zulia halafu nyuma yake kwenye kochi yupo mama, yupo bibi, na rimoti anayo baba. Nikiongea lugha ya dogo peke yake baba anahamisha chaneli, nikiongea ya baba dogo anaona namfundisha vitu anavyovijua. Inabidi wote wawili wabaki hapo.

Leo nilikuwa namsomea habari ya Jerry Lawson. Huyu ni injinia, Mmarekani mweusi, kazaliwa Brooklyn mwaka 1940, na ndiye aliyeongoza timu iliyotengeneza Fairchild Channel F, ile mashine ya mwaka 1976 ambayo ilikuwa ya kwanza ya nyumbani kutumia kaseti za kubadilisha zenye chipu ya gemu ndani. Kabla ya hapo mashine nyingi zilikuja na gemu zake zimejengewa humohumo, ukizichoka basi umezichoka. Sisi tuliokua tunapuliza kaseti za Mario na Contra kwenye mdomo wa mashine, tulikuwa tunatumia wazo ambalo ile kazi yao ndiyo ililiingiza sokoni kwanza, na jina la Lawson hatukuwahi kulisikia. Amefariki 2011. Nilipofika hapo mama akaniuliza, "Kaseti kama ya redio?" Nikamwambia hapana mama, haina mkanda, ndani kuna chipu imebeba gemu. Akakoroga chai akafikiria akasema, "Basi waambie jiko ni lilelile, unabadilisha sufuria tu." Nikafuta aya nzima niliyoandika jana usiku nikaandika hiyo.

Saa 2 kifodi, hizi daladala ndogo za kwetu, kutoka Sakina mpaka Kilombero ya hapa hapa mjini, kingine cha Njiro, nimebanwa dirishani na begi la kamera miguuni.

Saa 3 kikao. Prodyuza anataka tueleze kwanini vijana bado wanaita FIFA gemu ya mpira ambayo haiitwi hivyo tena. Ni swali zuri na jibu lake ni la biashara: EA, kampuni inayoitengeneza, walikuwa wanatumia jina la FIFA, shirikisho la mpira la dunia, tangu gemu ya kwanza mwaka 1993, mkataba ukaisha wakashindwa kuelewana, toleo lao la mwisho lenye jina hilo likawa FIFA 23, kuanzia 2023 wakaja na EA Sports FC 24. Timu na wachezaji wengi walibaki kwa sababu hiyo ni mikataba mingine kabisa, ya ligi na vyama vya wachezaji. Wazazi wananunua diski za zamani wakidhani ni mpya kisa jina, ndo maana nataka tuliseme kwa nafasi yake, dakika 4 siyo moja.

Niseme na hili maana wadada wanaotaka kuingia huku wananiuliza. Sehemu niliyoanzia niliambiwa nisalimie watazamaji, nitabasamu, halafu kaka mmoja aeleze vitu vya kiufundi, maneno yenyewe niliyoandika mimi. Nilikaa miezi 7. Iliniuma na bado inaniuma, sababu niliyajua yale mambo na nilikuwa nimekaa pale pale. Hapa nilipo sasa sharti langu la kwanza lilikuwa nieleze mwenyewe nilichokifanyia kazi.

Saa 5 tuko Ngarenaro kwenye kibanda cha gemu. Mabati, benchi mbili, tivii tatu, ukutani kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu nyekundu UKIWA NA UNIFOMU HUINGII. Muda huo wamejaa vijana wa bodaboda wanaosubiri wateja. Tumekuja kwa ajili ya fundi, anakaa pembeni mlangoni na meza yake ndogo, anatengeneza pedi, zile za kushika mkononi kuchezea gemu. Kila mchezaji hapa anaujua ule ugonjwa, hujagusa stiki, kile kijiti cha kidole gumba, lakini mchezaji wako anatembea mwenyewe kwenda kushoto, mpaka beki anatoka kwenye nafasi yake anaacha pengo. Vijana wanalaumu gemu, wengine wanatupa pedi.

Fundi akafungua skrubu nne, akachomoa betri kwanza kabla ya kitu chochote, akanionyesha chini ya stiki vile vidude viwili vya kijani pembeni, kimoja kinasoma juu na chini, kingine kushoto na kulia. Akabandua kifuniko kimoja kwa ncha ya bisibisi taratibu sana, ndani kuna kisahani kidogo kama ukucha wa mtoto na njia nyeusi ya kaboni. Stiki ikizunguka kile kisahani kinateleza juu ya kaboni na mashine inasoma kimefika wapi. Ukicheza miaka kaboni inalika, na vumbi la Ngarenaro linamalizia. Mashine inaanza kusoma uongo. Akapitisha pamba yenye spiriti, pamba ikatoka nyeusi, tukaizuumu mpaka ikajaa skrini. Akaniambia, "Dada, uchafu ukiwa ndo shida inapona, ila kaboni ikishalika hapa nabadilisha kidude kizima, sidanganyi mteja." Siku hizi kuna stiki zinazotumia sumaku, hakuna kinachosuguana na kaboni, hazina ugonjwa huu wa kaboni kulika, ila bei imechangamka.

Wakati tunarekodi akapita mama mmoja na beseni la parachichi kichwani, akasimama. Nikamsalimia shikamoo, akaitika, akauliza mnapiga picha wahuni? Nikamwambia hapana mama, tunampiga picha fundi. Akaweka beseni chini akaangalia mpaka mwisho, kimya, hadi fundi alipofunga skrubu na mchezaji akatulia katikati ya skrini hajisogezi. Ndo akasema mwanae yuko kidato cha pili, alinunua pedi iliyotumika kwa hela aliyoipata likizo alivyomsaidia kuuza, ikafanya hivyohivyo, yeye akadhani mtoto kaibiwa akamgombeza. Nikampa namba ya kipindi.

Saa 8 studio. Naunganisha PlayStation kwenye kifaa cha kurekodi, skrini nyeusi tii, na dada mpya wa mafunzo anayetusaidia amebadilisha waya wa HDMI mara tatu mpaka anakaribia kulia. Nikamwambia mdogo wangu waya mzima, kuna kufuli inaitwa HDCP, wameiweka ili watu wasinakili filamu, na ikiwa imewashwa kifaa hakioni kitu. Unaingia kwenye setingi unaizima, gemu inaonekana, ila programu za filamu hazitacheza mpaka uirudishe. Picha ikaja, akaandika kwenye mkono wake kwa kalamu. Saa 9 umeme ukakatika dakika 20, jenereta ikachelewa, tukarudia kipande cha Lawson mara mbili. Mara ya pili kilitoka vizuri zaidi, sufuria ya mama ilikaa mahali pake.

Saa 11 jioni niko na edita, na hapa watu hawajui kazi ilipo. Gemu inatoa fremu, yaani picha moja moja, 60 kwa sekunde, tivii yetu inarusha 25, na 60 haigawanyiki kwa 25 ikaisha, kwa hiyo kompyuta inadondosha fremu bila mpangilio na mpira unaonekana unarukaruka. Mtazamaji anadhani gemu ni mbovu, siyo haki kwa waliotengeneza. Ujanja wetu kwenye magoli ni kutumia fremu zote 60 bila kuacha hata moja, sekunde moja inakuwa sekunde 2.4, taratibu na laini kama maji, unaona mpaka wavu unavyovimba.

Saa 2 usiku nyumbani, ndizi nyama, mama ananiuliza sufuria imepita? Imepita mama.

Saa 3 na nusu simu inaita kidogo, meseji kwenye namba ya kipindi, ni yule mama wa parachichi. "Mwanangu samahani kwa usiku. Tumefungua pedi na huyu mtoto, vidude vya kijani tumeviona. Spiriti ninayo ya hospitali, nipake?" Nikamjibu, "Hapana mama, ya hospitali ina maji mengi. Subirini kesho mchukue kidogo kwa fundi pale kibandani. Na betri mmeichomoa?" Ikapita dakika moja. "Ndo anaichomoa."