Mkenya Nisiyekimbia Mbio Ndefu, na Bado Nafundisha Riadha Chuoni

Nikisema tu natoka Kenya na nafundisha riadha chuoni Marekani, watu huniuliza kama ni Eldoret au Iten, miji ya wakimbiaji wa mbio ndefu. Mimi ni wa Kwale, Pwani. Mbio ndefu kuliko zote nilizowahi kushindana ni mita 800, na hizo nilizikimbia kwa sababu ndizo zinazofunga heptathlon, shindano la michezo saba kwa siku mbili; hakuna anayezipenda.

Shuleni mwalimu wa michezo alinisakama nichague mchezo mmoja. "Mshika mawili moja humponyoka," aliniimbia hadi nikamkwepa kwenye korido. Lakini ratiba ya michezo ya shule yenyewe ilinipa nafasi: muhula wa kwanza mpira wa mikono na riadha, muhula wa pili voliboli. Nilicheza yote. Nilipomaliza, chuo cha Marekani kilinichukua kwa ajili ya kuruka juu, na mwaka wa kwanza haujaisha kocha akaniona nikichezea mkuki. Mkono uliozoea kufunga magoli ya mpira wa mikono hauhitaji kufundishwa sana. Nikahamishiwa heptathlon. Wanaosema mchezaji wa mingi hafiki popote, mimi huwatajia Mmarekani Jackie Joyner-Kersee. Alicheza mpira wa vikapu chuoni UCLA, na alama zake 7,291 za heptathlon kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 hazijafikiwa na mtu hadi leo.

Kuingia kwenye ukocha nilipitia njia ya wengi: unasoma shahada ya uzamili, chuo kinakulipia karo, nawe unakuwa kocha msaidizi. Posho ilitosha kodi na unga, ikibaki kidogo nampigia mama. Nilishauriwa nikusanye vyeti kwanza. Vyeti vizuri, ninavyo, ila hakuna aliyeniuliza navyo. Nilichoulizwa ni kama nina leseni ya kuendesha gari, maana msaidizi ndiye anayeendesha basi dogo la timu saa kumi alfajiri kwenye barafu. Jifunze kuendesha ukiwa bado nyumbani.

Wiki ya kwanza kocha mkuu alinikabidhi saa ya kupimia na wakimbiaji wa mbio za nyika. Mkenya, basi. Nikamweleza kwamba kwenye mashindano ya dunia ya Beijing 2015 Kenya ilipata dhahabu ya mkuki kwa Julius Yego, mita 92.72, na ya viunzi mita 400 kwa Nicholas Bett. Akacheka, akaniachia warukaji wawili wa kuruka juu ambao hakuna aliyewataka.

Mmoja alikuwa mchezaji wa vikapu, ana springi za ajabu, lakini akiukaribia ufito anapiga breki na kuuvaa kwa kifua. Wote walikuwa wakimpigia kelele, "Lalia kushoto! Lalia kushoto!" Hakuna binadamu anayelala kwa kuamrishwa huku anakimbia. Nikamwondoa kabisa kwenye godoro. Nikampeleka ukumbi wa vikapu, nikachora kwa chaki mkunjo wa hatua tano kutoka upande wa kulia wa kikapu, nikampa mpira: "Fuata chaki, piga leyapu," yaani kimbia, ruka na uuweke mpira kikapuni. Akaruka kwa mguu wa kushoto, goti la kulia juu, mgongo umenyooka, bila kufikiri. Amefanya hivyo tangu mtoto! Tukarudia hadi jasho likafuta chaki. Kisha nikamnyang'anya mpira, akaendelea kupiga leyapu ya hewa. Kisha nikauhamishia ule mkunjo mbele ya godoro, bila ufito. Ufito niliurudisha yeye akiwa anaongea na mwenzake. Akakimbia, akaruka, akatua kwa mgongo, ndipo akageuka kuutazama. Ulikuwa umetulia pale juu. Kocha mkuu alikuwa mlangoni na kahawa yake, na tangu siku hiyo sikushikishwa tena saa ya mbio za nyika.

Kuhusu makaratasi: ukimaliza masomo una mwaka mmoja wa kufanya kazi kwa viza ya mwanafunzi, unaisha upesi kuliko msimu. Mwambie mkuu wa idara mapema kwamba utahitaji H-1B, viza ya kazi. Vyuo haviingii kwenye ile bahati nasibu ya viza inayowatesa wenye kampuni, ila wakuu wengi wa michezo hawalijui hilo, kwa hiyo nilikwenda nimelichapisha. Ada za wakili niliomba chuo kilipe, wakalipa.

Siku hizi nikitafuta warukaji siendi kwenye mashindano ya riadha, kila kocha yuko huko. Nakaa jukwaani kwenye voliboli, natazama nani anafika wavuni akiwa bado na kasi. Kocha wa voliboli akiniona na daftari huja kuniuliza nimekuja kumwibia nani. Msimu huu ni namba tisa.