Kiti kimoja, abiria wawili

Jana usiku, hapa Mji Mkongwe, nimekesha hadi adhana ya alfajiri nikitafuta sababu ya kiti kimoja cha boti ya kwenda Mkoani, Pemba, kuuzwa kwa abiria wawili, katika programu ya majaribio niliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Alhamdulillahi, abiria wenyewe ni wa kubuni.

Awali nyuzi za programu, yaani kazi zake zinazokwenda sambamba, zilisubiri bila kikomo kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati mmoja kuuza kiti, kwani Python husubiri milele usipoipa ukomo wa muda, na uzi mmoja ulipokwama ukingoja jibu la mtandao huku umelishika kufuli, nyengine zote zilisimama. Nikaweka ukomo wa sekunde 5, nikajiona nimemaliza kazi. Nilichosahau ni kwamba muda ukiisha Python haitangazi kosa lolote: hurudisha jibu la "hapana" kimyakimya, na usipolisoma, uzi huingia ndani kama mgeni aliyekaribishwa, ukauza kiti ambacho mwengine anakiuza. Baya zaidi, uzi wangu ulipomaliza ulilifungua kufuli lisilokuwa lake, kwa sababu kufuli la kawaida la Python hukubali kufunguliwa na uzi wowote. Lile la aina ya RLock, linaloutambua uzi uliolishika na kukataa kufunguliwa na mwengine, lingenipigia kelele mapema.

Sasa ninalisoma jibu kwanza. Hata hivyo, kuisha kwa muda hakumnyang'anyi kufuli aliyelishika, kunampa tu anayesubiri nafasi ya kuondoka foleni. Ule uzi uliokwama bado umekwama, na leo ndio ninaouandama: ombi la mtandao lazima nilitoe nje ya kufuli.