Kosmosi za uzioni na mlimao wetu

Mwaka jana nilizidekeza kosmosi zangu, yale maua ya bustani, kupita kiasi. Niliziandalia tuta zuri hapa nyumbani Uyole, nikamwaga samadi ya ng'ombe ndoo tatu, kama ninavyofanya kwenye kabichi. Zikarefuka hadi kunifika kifuani, majani mororo, membamba kama nyuzi. Maua? Ya kuhesabu. Mvua ya Februari ikazilaza zote kwenye tope.

Kumbe ua hili, lenye asili ya Meksiko, rutuba ikizidi linakimbilia majani. Safari hii nilirusha mbegu mwanzoni mwa Machi kando ya uzio, pale mafundi walipoacha kokoto, panapopigwa jua kutwa. Nilipitisha reki tu. Siku ya tisa zikachomoza, na Mei, mvua zikiishia, uzio ukawa umejaa maua meupe, ya waridi na ya zambarau. Linalonyauka nalikata, shina linatoa jingine.

Vipepeo wanaanza kuja saa nne hivi, jua likishawapasha mbawa, maana kipepeo mwenye baridi haruki. Chuchumaa uangalie. Kile kitovu cha njano ni vijiua vingi vimebanana, kama kwenye alizeti, ambayo ni ndugu yake. Kipepeo anakunjua mrija wake uliojiviringa, anauchomeka kwenye kijiua kimoja, ananyonya, anahamia cha pembeni. Ua moja laweza kumshika muda mrefu.

Kuna jambo linaniuma bado. Miaka yote nilikuwa naukagua mlimao wetu na kuponda viwavi, huku nikilalamika kwamba vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya njano wameadimika. Mama mkwe alipotutembelea kutoka Tukuyu, alinishika mkono.

"Mwanangu, huyo muache."

"Mama, si anamaliza majani?"

"Mti huu una majani mangapi?"

Alimgusa kiwavi kwa kijiti. Nyuma ya kichwa vikatoka vipembe viwili vya rangi ya chungwa, na harufu kali ikatupiga puani. Akanionyesha na yai kwenye jani changa: duara, la njano, dogo kama punje ya ulezi. Kosmosi zinamlisha kipepeo mzima, lakini kiwavi, mtoto wake, hazimfai kitu. Yeye anataka mlimao au mchungwa. Tangu siku hiyo sipulizi dawa ya wadudu hata kwenye mboga zilizo karibu na mti ule. Nazikagua kwa mkono.

Kiwavi mmoja alijifunga kwa uzi kwenye tawi, akageuka pupa ya kijani. Nilikuwa nampitia kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Juzi nilimkuta ameshatoka, ananing'inia kwenye ganda lake tupu, mbawa zimekunjamana na bado laini. Nikasimama pale na kanga yangu mabegani hadi zikanyooka. Aliruka juu ya uzio bila hata kugusa kosmosi.

Mlimaoni nimeona mayai mengine manne.